Anayekunywa Maji Asomewe Vipimo

Kila mara habari za mafuta ya ardhini zinapozuka nchini, swali linalotangulia midomoni mwa watu ni la pesa. Tutapata kiasi gani? Nani atakula na nani atanawa? Ilikuwa hivyo mwezi Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kilipotangazwa kule Turkana. Ikawa hivyo tena bungeni kwa miaka kadhaa, mpaka Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ilipoyagawa mapato ya Serikali: asilimia 75 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa wenyeji wa mahali mafuta yanapotoka. Swali la maji, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia hayo yote, huachwa nyuma, na linapoulizwa aghalabu huulizwa kwa lugha ambayo mnywaji wa maji hayo haielewi.

Sisi tunaoishi Kisumu na kando ya Ghuba ya Winam tumezoea kudhani kwamba mambo ya mafuta ni ya Turkana na Hoima. Yafaa ieleweke kwamba bonde la Kano, ambalo msafiri hulitazama kwa mashamba yake ya mpunga ya Ahero na mafuriko ya Nyando, limekaa juu ya ardhi iliyodidimia, mkono wa Bonde la Ufa unaoelekea magharibi hadi ziwani, wenye tabaka za matope yaliyorundikana kwa enzi na enzi. Katika ramani ya Serikali ya vitalu vya mafuta eneo hilo lilipewa jina la 12B, na katika muongo wa 2010 kampuni ya Tullow ilikuwa na haki ya kutafuta mafuta humo. Kampuni huja na kuondoka. Hiyo niliyoitaja ilikubali mwaka 2025 kuuza mali zake za Kenya. Tabaka za ardhi hazihami, na watafutaji wengine wanaweza kuja kesho.

Kwa sababu hiyo nataka kuzungumzia njia moja ya kupata mafuta ambayo haijajaribiwa kwetu Afrika Mashariki. Naichagua kwa kuwa, kuliko njia nyingine ninazozifahamu, inaonyesha waziwazi uhusiano wa joto, mafuta na maji yaliyo chini ya ardhi.

Kuna aina ya jiwe lenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, ambalo Waingereza wamelipa jina la mafuta ilhali ndani yake hamna mafuta hata tone. Kilichomo ni kerojeni, yaani mabaki ya mwani na viumbe vidogo vilivyozama kwenye matope ya maziwa na bahari za kale, vikazikwa, lakini havikupata joto la kutosha la ardhi hata vigeuke mafuta. Tuliite mwamba wa kerojeni, jina ambalo angalau halidanganyi. Mwalimu wa jiografia asiichanganye habari hii na ule upasuaji wa miamba kwa maji ya shinikizo ambao umeenea Marekani. Huko mafuta yamekwisha kuiva, hutafutiwa mlango wa kutokea tu. Katika mwamba wa kerojeni mafuta yangali mabichi, na hayana budi kupikwa.

Jaribio mashuhuri la kuyapika lilifanywa magharibi mwa jimbo la Colorado, nchini Marekani, katika bonde la Piceance. Mwamba wa huko ulitokana na ziwa kubwa lililokuwapo takriban miaka milioni 50 iliyopita. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Shell ilijaribu kuupika mwamba huo papo hapo ulipo, bila kuuchimbua na kuutoa nje. Wataalamu walitoboa mashimo, wakateremsha vyuma vya umeme vya kutia joto, wakaupasha mwamba polepole hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi. Kazi hiyo haitaki pupa: kwa mradi kamili ilikadiriwa kwamba joto lingeachwa liendelee kwa miaka mitatu au minne. Katika jaribio la mwaka 2004 na 2005, kiwanja cha futi 30 kwa 40 kilitoa zaidi ya mapipa 1,500 ya mafuta mepesi.

Hesabu hiyo inavutia, nami sishangai kwamba ilivutia watu. Lakini mwamba ukishapikwa hauwi tena kama ulivyokuwa. Kile kilichokuwa kigumu na kisichopenyeka hubaki na vitundu na nyufa, na ndani yake hubaki masalia ya upishi: benzeni na jamii yake, fenoli, chumvi, na madini kama aseniki ambayo awali yalikuwa yamefungika ndani ya jiwe. Maji ya ardhini yakirudi mahali hapo huyaosha masalia hayo na kwenda nayo. Yanakwenda wapi? Yanakwenda kule maji yanakokwenda siku zote, kwenye visima, chemchemi na mito.

Wahandisi wa Colorado walilijua jambo hilo, na dawa waliyoijaribu ni ya ajabu kusimulia. Walizungushia eneo mabomba yaliyozamishwa ardhini, yakipitisha majimaji ya baridi kali, hata maji yaliyomo katika udongo na mwamba yakaganda yakawa ukuta wa barafu. Ndani ya ukuta ungewashwa moto, nje yangebaki maji safi. Baada ya kutoa mafuta, mwamba uliopikwa ungesuuzwa kwa maji mara nyingi kabla ya kuiacha barafu iyeyuke. Wakati huo wote visima vya uchunguzi vilivyotobolewa kuzunguka eneo vingetoa sampuli za maji ili ijulikane kama kuna kilichopenya. Mwaka 2013 kampuni iliuacha mradi huo wa Colorado ikaelekeza nguvu zake kwingine. Mwaka uliofuata kamati ya mipango ya wilaya ya Jerusalem, nchini Israeli, ilikataa jaribio la namna hiyo katika eneo la Shfela, na hofu juu ya maji ya ardhini ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa.

Mimi si mwanajiolojia. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kusahihisha insha anaweza kuiona mantiki ya visima vile vya uchunguzi. Kipimo cha leo hakina maana mpaka kiwekwe kando ya kipimo cha jana. Mtu akikuambia kwamba maji ya kisima chako yana chumvi kiasi fulani, hajakuambia lolote juu ya mradi ulio jirani, mpaka ajue chumvi ilikuwa kiasi gani kabla ya mradi huo kufika. Mwenye kuanza kupima siku ya ajali amekwisha kuchelewa.

Hoja hii inatuhusu sisi wa Winam kuliko inavyowahusu watu wa Colorado, na nieleze kwa nini. Ghuba yetu ina kina kifupi na imekwisha kuchafuka. Majitaka ya mji, mbolea na udongo vinavyoletwa na mito kutoka nyanda za juu, na magugumaji ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiziba fuko za wavuvi, vyote vimeacha alama. Maji ya kijani tunayoyaona Dunga ni mwani ule ule ambao, katika ziwa jingine na enzi nyingine, ulizikwa ukawa kerojeni. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi ya asili ambayo hakuna mtu aliyeimwaga. Sasa basi, akija mtafutaji wa mafuta, akatoboa, akaharibu, atakuwa na utetezi ulio tayari mkononi: maji haya niliyakuta hivi. Na pasipo daftari la vipimo vya awali, ni nani atakayembishia? Ziwa lililokwisha kuchafuka humpa mchafuzi mpya maficho mazuri kuliko ziwa safi.

Wala tusingoje mwamba wa kerojeni ndipo tuanze kufikiri. Mafuta ya Turkana na yale ya Ziwa Albert yalitokana na matope ya maziwa ya kale, na kama yalivyo mengi ya asili hiyo yana nta nyingi. Yakipoa huganda. Ndiyo sababu bomba linalojengwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima ili mafuta yasipungue nyuzi 50 hivi. Takriban theluthi moja ya njia hiyo hupita katika eneo ambalo mito yake humwagikia Ziwa Victoria. Hapa Kisumu kwenyewe, jeti ya mafuta iliyokamilika mwaka 2018 ilijengwa ili meli zipakie petroli na dizeli za kuvushwa hadi Uganda. Sisemi kwamba miradi hii ni mibaya. Nasema kwamba mafuta yamekwisha kufika kando ya maji tunayokunywa.

Anayedhani kwamba hofu hii ni ya wasomi wasio na kazi na akumbuke Thange. Mwezi Mei 2015 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi yaligunduliwa katika eneo hilo la Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mto na visima viliharibika, na wakazi maelfu wakaenda mahakamani. Ilikuwa mwaka 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipotoa hukumu ya fidia na usafishaji iliyofikia shilingi bilioni 3.8. Miaka kumi! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza bomba lilipovuja alikuwa amekwisha kuingia shule ya upili.

Sasa niingie uwanjani mwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika kata moja ya Nyando, ulioitishwa kuhusu mradi wa kutoboa ardhi. Mtaalamu alisoma ripoti yake kwa Kiingereza, na kijana mmoja akakalimani kwa Dholuo. Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa hodari kupita malipo aliyopewa. Ila alipofika kwenye neno ambalo wataalamu hulitumia kwa vipimo vya awali, hakuwa na msaada wowote, akalifasiri vipande vipande, likawa ni mstari uliochorwa chini. Mama mmoja mtu mzima akainua mkono akauliza mstari huo utapita katika shamba la nani. Watu walicheka. Mimi nilimwona mama huyo kuwa ndiye pekee aliyesikiliza kwa makini, maana aliuliza swali sahihi kuhusu tafsiri isiyo sahihi. Mkutano uliisha, majina yakaandikwa, na bila shaka ripoti ikasema wananchi walishirikishwa.

Tatizo haliko kwenye Dholuo peke yake. Kiswahili chetu nacho kina mitego yake. Chukua kitenzi kupima. Mwenye duka hupima sukari kwa mizani, daktari hupima damu, mwalimu hupima uwezo wa mwanafunzi, na mpimaji wa Serikali hupima mipaka ya ardhi. Mgeni aliyevaa kofia ngumu akija kijijini na kutangaza kwamba amekuja kupima, wenye mashamba husikia maana ile ya mwisho, ile inayohusu hatimiliki na kuhamishwa, nao hufunga milango. Vilevile neno mafuta: tunakaangia mafuta, tunajipaka mafuta, tunawasha taa kwa mafuta. Mtu akiambiwa kuna mafuta kidogo katika maji, akilini mwake huja picha ya utando unaoelea juu ya sufuria na kuondolewa kwa upawa. Haji kufikiri juu ya benzeni, ambayo huyeyuka ndani ya maji, isionekane.

Na benzeni ni mfano mzuri wa kile ambacho tafsiri inaweza kufanya ikifanywa kwa akili. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa kila lita. Tamka hivyo mbele ya baraza la chifu uone nyuso zitakavyokuwa. Lakini fanya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaiweza: gramu moja tu, yaani tone chache katika kifuniko cha chupa, inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho, sawa na mitungi 5,000 ile ya lita 20 inayobebwa kwa mkokoteni mitaani Manyatta na Nyalenda. Maneno haya ni ya Kiswahili cha kawaida kabisa, na hakuna usahihi wa kisayansi uliopotea ndani yake.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Hoja hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na imechakaa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kinachokosekana ni mtu wa kulipwa kuifungua kamusi. Kampuni inayoweza kukodi mtambo wa kutoboa ardhi haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kumkodi mfasiri kwa wiki mbili.

Sheria nayo haikulisahau jambo hili kama tunavyodhani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ibara ya 35 imetupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ya 43 haki ya maji safi na salama. Kanuni za tathmini ya athari za kimazingira zilizotolewa mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, na kwamba tangazo la redio litolewe kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Tazama lakini pengo lililobaki. Tangazo hupigwa kwa lugha ya wenyeji. Ripoti yenyewe, yenye majedwali ya vipimo, huandikwa kwa Kiingereza katika kurasa mamia. Ni kama kumwalika mtu karamuni kwa lugha anayoielewa, kisha kumfungia chakula ndani ya sanduku lisilo na ufunguo.

Walimu na wanafunzi wana nafasi hapa, wala sizungumzii maandamano. Shule zilizo Ahero, Katito, Dunga na Kendu Bay ziko mita chache kutoka mtoni, ziwani au kisimani. Shule haiwezi kupima benzeni. Kazi hiyo yataka maabara kubwa na pesa. Lakini inaweza kupima joto la maji, uchachu wake, na kina ambacho jicho linaona. Sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, ikiteremshwa kwa kamba yenye mafundo mpaka isionekane tena, ni chombo ambacho wanasayansi wa maziwa wamekitumia tangu karne ya 19. Darasa likifanya hivyo mara moja kila mwezi, mahali palepale, na mwalimu akaandika tarehe na kipimo katika daftari lisilotoka nje ya shule, baada ya miaka mitano kutakuwa na jambo ambalo hakuna wakili atakayelipuuza. Kazi ya darasa la Kiswahili iwe kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kutokana na daftari hilo. Ingekuwa insha yenye faida zaidi kuliko zile za likizo niliyoifurahia, ambazo sote tumezisahihisha hadi macho yakatuuma.

Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, imekuwa na kituo Kisumu kwa miongo mingi, na mradi wa pamoja wa nchi tatu wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, ulioanza mwaka 1997, ulikusanya vipimo vingi vya maji. Vipimo hivyo viko katika ripoti na makala ambazo mvuvi wa Usoma hatazisoma kamwe. Kuvitoa humo, kuvipanga kwa mahali na mwaka, na kuvieleza kwa Kiswahili na Dholuo ni kazi ambayo idara mbili za chuo kikuu kimoja, ya sayansi ya maji na ya lugha, zingeweza kuimaliza kwa muhula mmoja zikitaka. Idara hizo hazina mazoea ya kubishana hodi, najua. Ofisi zetu zimetenganishwa na ngazi na mlango, na mara nyingine na kiburi.

Kwa upande wa Serikali, ninachokidai ni kidogo. Kabla ya kibali cha kutoboa ardhi popote kutoka Muhoroni hadi Mbita kutolewa, maji ya visima na mito ya karibu yapimwe kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, kwa sababu kisima cha Januari si kisima cha Mei. Vipimo viandikwe na mtu asiyelipwa moja kwa moja na mwenye mradi. Kisha kila baada ya miezi mitatu ukurasa mmoja, kwa Kiswahili upande huu na Dholuo upande ule, wenye kipimo cha awali, kipimo cha sasa na kikomo kisichopaswa kuvukwa, ubandikwe kwa chifu, sokoni, zahanati na katika ubao wa matangazo wa shule iliyo jirani, ukiwa na jina na simu ya afisa wa kuulizwa.